Mbegu za haibiskasi ya mwituni ya Karamoja: kati ya 60 nilizosia zimeota 3 tu, nilikosea wapi?

Mwalimu wa Moroto

Ndugu zangu, nawasalimu. Ninafundisha katika shule ya msingi iliyo nje kidogo ya mji wa Moroto, huku Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda, na pamoja na kikundi cha wanafunzi ninajaribu kuotesha mimea ya asili ya huku kwetu kandokando ya uwanja, kwa sababu miche ya maua tuliyokuwa tukiileta kutoka Mbale haikuwahi kuvuka kiangazi hata kimoja. Mmea uliotuvutia zaidi ni kichaka kifupi, kisichonifika kiunoni, chenye majani yanayokwaruza na maua madogo mekundu ambayo kila anayeyaona husema ni haibiskasi ya bustanini iliyokonda. Mtaalamu wa mimea aliyepita shuleni kwetu alilitazama tawi lenye ua na kitumba, yaani tunda dogo linalobeba mbegu, akanitajia jina lake la kitaalamu, Hibiscus aponeurus. Kando ya korongo lililo nyuma ya shule tunaye pia ndugu yake, Hibiscus micranthus, ambaye maua yake ni meupe na hugeuka rangi ya waridi yanapozeeka, na mbegu zake zimevikwa manyoya meupe kama pamba.

Mwaka jana, mwezi wa Oktoba, tulitoka na watoto tukachuma kila kitumba tulichokifikia, cha kijani na cha kahawia, tukavitia vyote katika mfuko mmoja wa plastiki. Niliufunga fundo, nikauweka juu ya kabati la ofisi, karibu kabisa na bati, na sikuugusa tena hadi Machi. Nilipoufungua nilipokewa na harufu ya uvundo. Nusu ya vitumba vilikuwa na ukungu, na chini ya mfuko kulikuwa na unga mweusi na vijidudu vidogo vikitembea. Tulichambua kwa siku mbili, tukapata mbegu 60 ambazo kwa macho zilikuwa nzima. Mwezi wa Aprili, mvua ilipoanza, tulizisia katika makopo yenye udongo wa korongoni. Hadi leo, majuma saba baadaye, zimeota 3.

Ninaomba kujua kitumba huchumwa kikiwa katika hali gani, mbegu huwekwa namna gani ili zifike msimu wa pili au wa tatu, na kama hizi 57 zilizobaki katika makopo zimekufa. Nimesoma pia ushauri wa watu wa Australia kuhusu kichaka chao cha jangwani kinachofanana sana na hiki, Gossypium sturtianum, ambacho wao hukiita waridi la jangwani la Sturt, wakisema mbegu zake zimwagiwe maji ya moto kabla ya kusiwa. Jirani yangu anadai kwamba hilo ndilo waridi la jangwani analolipanda yeye, na kwamba yake huota bila maji ya moto wala chochote. Nimechanganyikiwa.

Bwana Shamba Mstaafu, Soroti

Mwalimu, nianze na jambo la mwisho, kwa kuwa ndilo litakaloharibu mbegu upesi usipotahadhari. Waridi la jangwani la jirani yako, kama lina shina nene lililovimba chini na maziwa meupe ukilikata, ni Adenium, na halina undugu wowote na haibiskasi. Mbegu yake ni kijiti chembamba chenye manyoya kwenye ncha zote mbili, ganda lake ni laini, na ikiwa mpya huota ndani ya juma moja hivi. Ukiimwagia maji ya moto umeipika. Kile cha Australia, ambacho ua lake limekuwa nembo ya Northern Territory tangu 1961, ni pamba ya mwituni. Pamba, bamia na haibiskasi yako ni ukoo mmoja, na ukoo huo una tabia ya kufunga mbegu zake ndani ya ganda gumu. Kwa hiyo ushauri wa Australia unakuhusu, ingawa kuhusu maji ya moto nitawaachia wengine, maana mimi nimeona watu wakichemsha mbegu kama maharage halafu wakailaumu mbegu.

Nilifanya kazi ya ugani katika pamba huku Teso kwa zaidi ya miaka ishirini, na zao hilo limekuwa nchini tangu 1903, kwa hiyo wadudu wake wamepata muda wa kutosha kuwajua jamaa zake wote wa mwituni. Huo unga mweusi uliouona ni kazi ya fukusi au funza walioingia katika kitumba kikiwa bado shambani. Hawakutoka kwenye kabati lako. Wewe uliwabeba, ukawafungia pamoja na chakula chao, ukawapa joto la bati. Kuna pia kangambili, wale wadudu wekundu wenye alama nyeusi wanaokusanyika makundi kwa makundi juu ya kitumba kinapoanza kufunguka. Kangambili haachi tundu linaloonekana. Huchoma mbegu kwa mdomo wake mwembamba na kufyonza kilichomo, na mahali alipochoma huingia kuvu, kwa hiyo mbegu hubaki na umbo lake la nje ilhali ndani imesinyaa. Nina hakika kwamba baadhi ya mbegu zako 60 zilizoonekana nzima zilikuwa maganda matupu.

Jambo moja zaidi ambalo sisi wa pamba tulifundishwa kulitafuta: ukikuta mbegu mbili zimeshikamana kwa utando mwembamba, usizitenganishe na kuziweka, bali zichome. Funza mwekundu wa pamba hujishonea mbegu mbili pamoja na kulala katikati yake muda mrefu, na ukoo mzima wa haibiskasi ni mezani pake.

Dawa yangu ya kuhifadhi ni ya wazee: majivu makavu ya jikoni, yaliyochekechwa, yanachanganywa na mbegu hadi zisionekane. Mama yangu alihifadhi kunde kwa njia hiyo na hatukuwahi kununua mbegu.

Mtunza Mbegu, Entebbe

Mwalimu, nimefurahi kwamba hukuyamwaga makopo. Kabla ya kueleza lolote, tafadhali chukua kopo moja, limwage juu ya gazeti, zitafute mbegu na uzibonyeze moja moja kwa ukucha. Iliyooza itapasuka au kubonyea. Iliyo ngumu kama changarawe, ambayo haikuvimba hata kidogo baada ya majuma saba katika udongo wenye unyevu, haijafa, haijanywa maji. Ganda la mbegu za ukoo huu limepangwa seli zilizobanana kiasi kwamba maji hayapenyi, na mbegu inaweza kukaa ardhini miaka kadhaa hivyo hivyo. Kwa mmea wa mahali ambapo mvua moja ya Machi inaweza kufuatwa na majuma matatu ya jua, hiyo ni akili, maana mbegu zote zingeota kwa mvua ya kwanza zingekufa zote pamoja. Huko porini ganda hulegezwa pole pole na joto la udongo la mchana na baridi ya usiku, au na moto wa nyika, na penye kulegea kwanza ni sehemu ndogo iliyo kama kizibo upande ambao virutubishi viliingilia mbegu ilipokuwa ikikua. Kizibo hicho kikiachia, maji huingia, na mbegu huvimba ndani ya siku moja.

Kazi yako ni kufungua mlango huo kwa mkono. Shika mbegu kwa kibanio cha nyusi au katikati ya meno ya koleo ndogo, itazame vizuri kwenye mwanga. Ina umbo la figo, na mahali figo linapobonyea kuna kovu dogo; hapo ndipo iliposhikwa na kitumba, na mzizi mchanga umelala karibu na hapo. Usiguse upande huo. Geuza mgongo, yaani upande wa mviringo ulio mbali na kovu, uusugue juu ya msasa mara chache au uukwangue kwa wembe, hadi ganda la kahawia iliyokoza liachie kidoa cheupe kisichozidi ncha ya sindano. Ukiona cheupe, acha; ukiendelea utakuwa unakata chakula cha mche. Kisha loweka usiku mmoja katika maji ya kawaida. Asubuhi zilizovimba zisie mara moja, zisizovimba zirudishe kwenye msasa.

Maji ya moto yanafaa unapokuwa na mbegu elfu moja na mikono miwili. Hazichemshwi. Maji yanachemshwa, sufuria inaondolewa kwenye sigiri, inaachwa kwa dakika chache, ndipo maji yanamwagwa juu ya mbegu zilizo katika bakuli na kuachwa yapoe yenyewe hadi asubuhi. Moroto iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400, kwa hiyo maji yenu huchemka karibu nyuzi 95, na hilo linawapa nafuu kidogo, lakini mbegu ya haibiskasi ni ndogo kuliko ya pamba na joto huifikia upesi. Mimi hujaribu mbegu kumi kwanza. Na lolote utakalofanya kati ya haya, lifanye siku ya kusia tu. Mbegu iliyokwanguliwa haihifadhiki tena, maana mlango uliomfungulia mche umeifungulia pia kuvu.

Sasa kuchuma. Mzee wa Soroti amesema kweli kuhusu wadudu, nami naongeza kwamba kosa kubwa zaidi lilikuwa kuchanganya vya kijani na vya kahawia. Kitumba cha kijani kina mbegu nyeupe au za rangi ya maziwa ya chai, ambazo hazijamaliza kujaza akiba yake wala kujifunza kukauka, na maji yaliyomo ndani yake ndiyo yaliyolowesha mfuko mzima. Kitumba kilichokomaa kimegeuka kahawia, kimekauka hata kinavunjika kwa vidole, na ncha yake imeanza kupasuka kwa mistari mitano. Mbegu zake ni nyeusi au kahawia iliyokoza na ukucha hauachi alama. Tatizo ni kwamba siku mbili baadaye kitakuwa wazi kabisa na upepo wa Karamoja utakuwa umezichukua, na kwa kuwa mmea huu huchanua taratibu kwa miezi, hutapata siku moja ambayo vyote viko tayari. Kata vipande vya chandarua kuukuu, ufunge kimoja kimoja kwenye tawi lenye vitumba vinavyoanza kugeuka rangi, na upite kila baada ya siku tatu au nne. Mbegu yenye manyoya haipiti katika matundu yake.

Usichume zote. Wakusanyaji wa hazina za mbegu, yaani maghala ya kuhifadhi mbegu kwa miaka mingi, hujiwekea mpaka wa kutochukua zaidi ya asilimia 20 ya mbegu zilizokomaa siku hiyo, na hutafuta angalau mimea 50 ili uzao usiwe wa mama mmoja. Shule haina haja ya kufika 50, lakini mbegu chache kutoka vichaka thelathini zina thamani kuliko gunia kutoka vichaka viwili vilivyo karibu na lango.

Tia vitumba katika bahasha za khaki au mfuko wa kitambaa, kamwe si plastiki. Uvianike kivulini, mahali penye upepo, juu ya gazeti, kwa juma moja au mawili, wala si juu ya bati. Hapa ninyi mna bahati ambayo sisi wa kando ya ziwa hatuna. Mbegu hunywa au kutoa unyevu hadi ilingane na hewa inayoizunguka. Hewa ya Entebbe hainiruhusu kukausha chochote bila mashine, lakini upepo wa Moroto wa Desemba hadi Februari hukausha mbegu vizuri kuliko vifaa vingi. Kwa hiyo zikaushe huko huko, alasiri ya siku kavu, na uzifunge saa hiyo hiyo kabla ya umande wa usiku.

Kinachoamua umri wa mbegu za aina hii ni maji yaliyo ndani yake na joto la mahali zilipo. Kanuni ya Harrington, ambayo wahifadhi hukadiria kwayo, inasema kwamba kila unyevu wa mbegu unaposhuka kwa asilimia 1 umri wake huongezeka maradufu, na kila joto la ghala linaposhuka kwa nyuzi 5 hivi huongezeka maradufu tena. Hazina kubwa za mbegu hukausha katika hewa yenye unyevu wa asilimia 10 hadi 25 na kugandisha kwa nyuzi 18 chini ya sifuri; ndilo joto la ghala la mbegu la dunia lililoko Svalbard, Norwe, lililofunguliwa 2008. Shule haihitaji Svalbard. Inahitaji chupa ya kioo yenye mfuniko unaobana na mpira wake, na mahali pa baridi, mathalani sakafuni katika chumba chenye kuta nene. Juu ya kabati chini ya bati ndipo mahali pabaya kuliko pote katika jengo lako, na nasema hivi bila kukulaumu, kwani hata mimi nilipoanza kazi niliweka bahasha zangu za kwanza juu ya friji, nikidhani pana baridi, hali joto lote la friji hupandia huko.

Kama zitabaki zaidi ya msimu mmoja, weka ndani ya chupa kikausho. Silika jeli, zile punje za kunyonya unyevu, ni nzuri, lakini mkaa wa kawaida unafanya kazi: uponde vipande vidogo, uvikaushe kwenye sufuria kavu juu ya moto mdogo bila kuviacha viwake, uviache vipoe vikiwa vimefunikwa, kisha uvitie chini ya chupa, uzito wake ukiwa kama mara tatu ya uzito wa mbegu, na mbegu zikae juu katika bahasha yake. Ili kujua kama zimekauka, toa mbegu chache za kupoteza, uzitie katika kichupa pamoja na chumvi kavu ya mezani, utikise, uache hadi kesho. Chumvi ikishikamana na kuta za kichupa, mbegu bado zinapumua maji mengi. Zirudishe kwenye upepo. Ikimwagika kama mchanga, umevuka hatari ya ukungu, na mkaa utamalizia.

Kuhusu majivu, Mzee, naomba radhi nipingane nawe kidogo. Kwa kunde za chakula sina ubishi. Kwa mbegu ndogo zenye manyoya, majivu hujishika kila mahali, huvuta unyevu kila chupa inapofunguliwa, na hunificha nisione kama mdudu ameanza kazi. Mimi huua wadudu kwa baridi: mbegu zikishakauka kabisa hukaa juma moja katika friza, ndani ya chupa iliyofungwa, na chupa haifunguliwi ikitoka hadi ifikie joto la chumba, la sivyo umande utatua juu ya mbegu. Mbegu isiyokauka ikiingia friza hufa, kwa hiyo mpangilio huo usigeuzwe.

Bwana Shamba Mstaafu, Soroti

Nimekubali kuhusu manyoya. Lakini friza iko wapi huko Moroto vijijini, dada yangu? Majivu yako katika kila boma. Nitabaki na majivu kwa asiye na umeme, naye ayakaange kwanza na kuyachekecha, na abadilishe kila mwezi.

Mchungaji wa Amudat

Nimesoma yote na nakubaliana na mama wa Entebbe, ila nataka kuongeza mambo ambayo hayapatikani maabara. Mwalimu asihangaike na vichaka vilivyo wazi karibu na maboma. Mbuzi hupenda machipukizi ya mmea huu, na kichaka kinacholiwa kila siku huchipua majani tu. Hakifiki kutoa mbegu. Vichaka vyenye vitumba vingi ni vile vilivyoota katikati ya miba, chini ya migunga midogo, mahali ambapo mdomo wa mbuzi haupenyi. Nimechunga tangu utotoni na ningeweza kukuonyesha hivyo nikiwa nimefumba macho. Usichume asubuhi kukiwa na umande, kwa sababu manyoya huwa yamelowa na mbegu hujikunja mpira mmoja. Ngoja jua lipande, upepo uanze, ndipo utasikia vitumba vikivunjika vikavu.

Pia uliza kabla ya kuchuma. Huku kwetu ardhi ya malisho ina wenyewe hata kama haina uzio, na baraza la wazee, ambalo sisi Wapokoti huliita kokwo, hukasirishwa zaidi na mtu asiyesalimia kuliko na mtu anayechuma. Ukitaka mbegu za ndani ya hifadhi za wanyama za Pian Upe au Kidepo, ruhusa ni ya Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, si ya wazee. Na kama una rafiki upande wa Kenya anayezitaka, usimpelekee ndani ya soksi kama nilivyoona wengine wakifanya. Tangu 2005 nchi hii ina kanuni za kupata na kugawana rasilimali za kijenetiki, mbali na cheti cha afya ya mimea kinachotakiwa mpakani.

Mwalimu wa Moroto

Asanteni sana. Mama wa Entebbe, nina maswali mawili. Baada ya kukausha, je, niyaondoe manyoya? Na watoto wanazijaribu mbegu kwa kuzitia majini, zinazoelea zinatupwa. Je, ni sahihi?

Mtunza Mbegu, Entebbe

Kuelea hakukuambii chochote hapa, Mwalimu, kwa sababu manyoya hushika hewa na mbegu nzuri huelea kama mbovu. Wazuie watoto kabla hawajazitupa nzima. Njia ya kuaminika ni kutoa mbegu kumi na kuzikata katikati kwa wembe, kazi hii ukiifanya wewe mwenyewe: iliyo hai imejaa, nyeupe, imekunjwa ndani kama barua katika bahasha, aliyoinyonya kangambili ina rangi ya kahawia au ni ngozi kavu tu. Zikiwa nzuri saba kati ya kumi, unajua usie mbegu ngapi ili upate miche unayoitaka.

Manyoya si lazima yaondoke, lakini yakibaki huzifungamanisha mbegu na huficha fukusi. Tia mbegu katika mfuko wa kitambaa pamoja na konzi ya mchanga mkavu, usugue taratibu kwa viganja, kisha uchekeche na kupepeta kwenye ungo. Usisugue kwa nguvu, usije ukazikwangua kabla ya wakati wake.

Na kwenye kila bahasha andika kwa penseli: jina la mmea, mahali, tarehe, idadi ya mimea uliyochuma. Wino hufifia, na bahasha isiyo na maandishi baada ya mwaka ni takataka yenye mbegu nzuri. Mkipata za ziada, Kituo cha Taifa cha Rasilimali za Kijenetiki za Mimea kiko katika Bustani ya Mimea hapa Entebbe; waulizeni kabla ya kutuma, na maandishi hayo ndiyo yatakayoulizwa kwanza.

Mwalimu wa Moroto

Narudi baada ya majuma matatu na matokeo. Tuliyamwaga makopo yote juu ya magazeti darasani, tukapata mbegu 38. Nyingine hatukuziona tena. Kwa ukucha, 11 zilibonyea na moja ikanirukia usoni maji yake. Zilizobaki 27 zilikuwa ngumu kabisa, na nilipoigonga moja kwenye dawati ililia kama jiwe. Tulisugua 20 kwenye msasa, saba tukaziacha kama zilivyo ili watoto waone tofauti, zote tukaziloweka usiku ule ule katika vikombe viwili. Asubuhi zile 20 zilikuwa zimevimba karibu mara mbili, ganda limepasuka mgongoni na ukingo mweupe unachungulia. Zile saba zilikuwa chini ya kikombe vile vile, ndogo, nyeusi, zinang'aa. Kufikia siku ya sita 17 kati ya zilizosuguliwa zilikuwa zimetoka juu ya udongo, na kati ya zile saba hakuna hata moja. Msichana wa darasa la tano aliuliza kwa nini mbegu ijifungie mlango na kisha imngoje mtu aje kuufungua, nikamwambia kwamba haikuwa ikimngoja mtu.

Mzee wa Soroti, mbegu pacha tulizipata mbili katika mabaki ya mfuko wa zamani. Nilizipasua, na ndani ya moja alikuwemo funza wa rangi ya waridi, hai, baada ya miezi hiyo yote. Nimezichoma.

Vichaka vya korongoni vimeanza kutoa vitumba vya mapema. Juzi tulifunga vipande vya chandarua kwenye matawi kumi na mawili, kila kimoja kikiwa na uzi mwekundu na namba. Jana jioni vilikuwa tisa. Vitatu vimeliwa pamoja na tawi, chandarua na uzi.

Mchungaji wa Amudat

Miba, Mwalimu. Nilikwambia utafute kwenye miba. Na umjulishe mwenye mbuzi kuhusu hicho chandarua.